Pelagoniamu wakati wa baridi: dirishani, gizani, kwenye mfuko au vipandikizi?

Usiku mmoja wa jalidi unatosha kuimaliza pelagoniamu. Jioni umeiacha ina vichala vya maua na majani yamesimama. Asubuhi unaikuta imelegea, majani yamekuwa kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na ukilishika shina linateleza mkononi. Maji yaliyomo kwenye mmea yameganda, barafu imezipasua seli, na seli iliyopasuka haiungiki tena.

Kwa anayeishi mahali penye baridi ya namna hiyo, njia kubwa za kuuvusha mmea huu ni nne. Unaweza kuingiza chungu ndani na kukiweka dirishani, mmea uendelee kuishi. Unaweza kukilaza chungu mahali pa baridi penye giza. Unaweza kuung'oa mmea, kuukung'uta udongo na kuuhifadhi mtupu kwenye mfuko wa karatasi. Na unaweza kumwacha mama afe ukabaki na watoto wake, yaani vipandikizi, vipande vya matawi vilivyokatwa kwake na kuoteshwa mizizi. Nimezifuata zote nne, na kila moja imewahi kuniangusha. Karibu kila mara sababu ilikuwa ile ile: nilichagua njia kwanza, kisha nikaanza kutafuta chumba cha kuifanyia. Siku hizi naanza na chumba, na ndivyo nitakavyolinganisha hapa.

Hakikisha kwanza ni mmea gani

Watu wengi huita mimea yote hii jeraniamu, na mkanganyiko huo una historia. Carl Linnaeus aliiweka yote kwenye jenasi moja, Geranium, mwaka 1753. Mfaransa Charles L'Héritier akaitenga Pelargonium mwaka 1789, lakini jina la zamani lilikuwa limeshakaa vinywani mwa watu. Majina yote mawili yametoka kwenye maneno ya Kigiriki ya ndege wa jamii ya korongo, kwa sababu maua yakishapukutika tunda huchongoka kama mdomo wa ndege huyo.

Tofauti utaiona kwenye ua. Ua la jeraniamu halisi lina petali tano zinazofanana, zimepangika kama gurudumu. Kwenye pelagoniamu petali mbili za juu huwa tofauti na tatu za chini, ama kwa ukubwa, ama kwa alama, ama kwa namna zilivyokaa. Ikiwa ua lako ni lile la petali nyingi zilizosongamana, tazama shina: pelagoniamu nyingi za bustanini zina shina nene lenye maji, na hilo shina ndilo litakalokuwa akiba yake ya baridi.

Jeraniamu halisi nyingi, kama Geranium pratense na Geranium sanguineum, hazihitaji msaada wowote. Sehemu ya juu hufa, mizizi hubaki hai ardhini, na majira ya kuchipua yakifika hutoka zenyewe. Ziache nje. Kuziingiza kwenye chumba chenye joto ni kuzinyima mapumziko yao.

Lakini zipo jeraniamu halisi zisizohimili jalidi kali, nazo ni wenyeji wa visiwa vya Atlantiki: Geranium maderense na Geranium palmatum za Madeira, na Geranium canariense ya Visiwa vya Kanari. Hizi hazilali kabisa. Zinataka mwanga na unyevu kidogo baridi nzima, kwa hiyo giza na mfuko wa karatasi vifute kwenye hesabu yako. Zitakaa dirishani au kwenye kibanda cha kioo. Na kuna jambo moja la Geranium maderense ningependa kila mtu aambiwe mapema. Majani ya zamani yakikauka, vikonyo vyake hujikunja kuelekea chini na kugusa udongo, vikawa magongo yanayoutegemeza mmea mzima. Mwaka wa kwanza nilivikata vyote nikidhani nasafisha. Wiki haikuisha, mmea ukalala ubavu, na mpaka ulipochanua uliishi umefungwa kwenye fimbo. Siku hizi nakata sehemu ya jani lenyewe tu, kikonyo nakiacha. Mmea huu huchanua mara moja, kwa wingi wa kushangaza, kisha hufa na kuacha mbegu. Usijilaumu ukifa baada ya maua.

Kuanzia hapa nazungumzia pelagoniamu.

Pima chumba

Chukua kipimajoto kinachoonyesha joto la juu na la chini kabisa kwa siku, kiweke mahali unapopafikiria, na ukiache siku tatu. Usikisie. Kizingiti cha dirisha ambacho mchana kina nyuzi 20 za Selsiasi kinaweza kushuka hadi 6 usiku pazia likifungwa, maana pazia linalitenga dirisha na joto la chumba. Na stoo unayodhani ni ya baridi inaweza kuwa na bomba la maji ya moto linalopita ukutani.

Ukishajua joto, tazama mwanga. Pelagoniamu huongozwa na vitu hivyo viwili kwa pamoja. Joto humwambia mmea "kua", mwanga humpa chakula cha kukulia. Ukimpa joto bila mwanga atatii amri asiyo na nguvu ya kuitekeleza: atatoa vijiti virefu vyeupe, vyembamba, vyenye majani madogo ya kijani kilichopauka, akila akiba yote iliyokuwa kwenye shina. Ndiyo maana mahali penye joto na giza hapafai kwa njia yoyote kati ya hizi. Penye mwanga na ubaridi wa wastani ndipo bora. Penye giza na ubaridi wa nyuzi 5 hadi 10 pia panafaa, kwa sababu hapo mmea hauambiwi ukue, umelala.

Picha ya haraka ya njia zote nne ni hii:

| Njia | Joto (Selsiasi) | Mwanga | Maji | Nafasi | Maua mwaka unaofuata |
|---|---|---|---|---|---|
| Dirishani | 10–15, usiku isishuke chini ya 5 | mwingi | udongo wa juu ukikauka | kubwa | mapema kuliko zote |
| Chungu gizani | 5–10 | hauhitajiki | kidogo, kila wiki 4–6 | kubwa | katikati |
| Mfuko wa karatasi | 5–10, hewa isiwe kavu sana | giza | kulowesha mizizi mara moja kwa mwezi | ndogo sana | huchelewa |
| Vipandikizi | 18–20 mpaka vipate mizizi, kisha 8–15 | mwingi | kidogo kidogo | ndogo | mwanzoni mwa majira ya joto |

Jedwali linafanya zionekane kama zinalingana uzito. Hazilingani.

Dirishani

Hii ndiyo njia inayosamehe makosa, kwa sababu mmea uko mbele ya macho yako kila siku. Ukiwa na kiu utaona, ukishambuliwa na wadudu utaona. Kabla usiku haujafika nyuzi 5, punguza matawi kwa theluthi moja au nusu, ondoa maua yote na majani ya manjano, kagua chini ya majani, kisha ingiza. Dirisha bora ni lile linalopata jua la majira ya baridi: la kusini kwa walio kaskazini mwa dunia, la kaskazini kwa walio kusini. Acha sentimita mbili za juu za udongo zikauke kabla ya kumwagilia tena. Usiweke mbolea, mbolea ni amri nyingine ya kukua.

Shida yake ni kwamba nyumba za kuishi zina joto kuliko mmea unavyotaka. Sebule ya nyuzi 21 yenye mwanga wa Desemba, au wa Juni kwa walio kusini, hurefusha mashina hata dirishani. Chumba cha kulala kisichopashwa joto, ngazi zenye dirisha kubwa au baraza iliyozungushiwa kioo ni bora kuliko sebule. Kama huna ila sebule, taa ya LED ya mimea inayowaka saa 12 hadi 14 kwa siku, sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Wadudu nao hupenda raha hii. Inzi weupe watakuja, vidukari nao, na hawana adui humo ndani. Geuza jani mara moja kwa wiki. Na ikiwa una paka au mbwa anayetafuna majani, kumbuka kuwa pelagoniamu ina sumu kidogo kwao, humletea mnyama kutapika na kukosa hamu ya kula. Weka juu asikofika.

Chungu gizani

Hapa mmea unabaki ndani ya udongo wake lakini unalazwa. Unakata matawi mpaka yabaki ya sentimita 10 hadi 15, unaondoa majani yote yanayoonyesha dalili ya kuoza, unaacha udongo ukauke karibu kabisa, kisha unaupeleka kwenye gereji isiyoganda, stoo au chumba cha chini ya ardhi. Maji ni kidogo tu, kila baada ya wiki nne hadi sita, ya kuifanya mizizi isinyauke. Mimi hunyanyua chungu kwa mkono: kikiwa chepesi kama kitupu nakipa maji, kikiwa na uzito wowote nakiacha.

Wanaopoteza mimea kwa njia hii mara nyingi huipoteza kwa huruma. Wanaona mmea umekuwa vijiti vitupu, wanadhani una kiu, wanamwaga maji. Udongo baridi wenye maji, mizizi isiyonywa, na hapo kuoza kunaanza chini kimya kimya. Siku ya kuuamsha unalivuta shina, linatoka lenyewe bila mzizi hata mmoja.

Ni njia nzuri kwa vyungu vikubwa ambavyo hutaki kuvivuruga na kwa mimea ya miaka mingi yenye mashina ya mbao. Ila vinakula nafasi.

Kwenye mfuko, mizizi mitupu

Njia hii watu huisimulia kwa mapenzi kuliko nyingine zote, kwa sababu inaonekana kama muujiza: mmea umening'inia kichwa chini miezi mitano bila udongo, kisha unachanua. Inawezekana kweli. Asili ya pelagoniamu ni kusini mwa Afrika, na wazazi wawili wakuu wa zile za kawaida za bustanini, Pelargonium zonale na Pelargonium inquinans, ni wa huko. Shina lao nene huhifadhi maji ya kuvukia ukame. Unachofanya ni kulihadaa shina lidhani kiangazi kimeingia.

Ng'oa mmea kabla jalidi haijaugusa. Kung'uta udongo kwa upole, usivunje mizizi. Kata matawi kwa nusu, ondoa maua, matumba na majani yote. Jani linalokauka likiwa limegusana na jingine ndani ya mfuko huota ukungu, na ukungu huhamia shinani. Uache kivulini siku moja au mbili, majeraha ya kisu yakauke. Kisha uweke kwenye mfuko wa karatasi au boksi, mdomo wazi, au uning'inize mizizi juu. Mfuko wa plastiki usithubutu kuutumia.

Mara moja kwa mwezi toa mimea yote, lowesha mizizi tu kwenye maji saa moja au mbili, acha ikauke juu juu, rudisha. Shina lenye afya ni gumu na limejaa ukilibana kwa vidole.

Hatari iko kwenye hewa. Waliofanikiwa sana kwa njia hii zamani walikuwa na vyumba vya chini ya ardhi vyenye sakafu ya udongo, vya baridi na vyenye unyevu hewani, joto likizunguka kwenye nyuzi 7 hadi 10. Chumba cha chini cha nyumba ya kisasa kimejengwa kwa zege, kina mtambo wa kupashia joto, na hewa yake ni kavu. Ni jina lile lile, mahali pengine kabisa.

Mwaka mmoja niliweka mimea mitano kwenye chumba cha namna hiyo, nikaona uvivu kuikagua mwezi wa kwanza. Nilipofungua mfuko mwezi wa pili, mashina yalikuwa na mikunjo ya urefu, ngozi imelegea juu ya kitu kilichonyauka ndani, na nilipoyabana yalibonyea bila kurudi. Nilikwaruza kila moja kwa ukucha, polepole, kuanzia juu kwenda chini. Matatu yalikuwa ya kahawia mpaka chini. Mawili yalikuwa ya kahawia kwa juu, kisha karibu na mizizi, chini ya gome, pakatokea mstari mwembamba wa kijani. Niliyaweka kwenye maji usiku kucha, nikayapanda palepale, nikayapeleka kwenye mwanga. Yote mawili yaliishi, ingawa yalichanua majira ya joto yakielekea ukingoni.

Kwa hiyo ushauri wangu hapa hauna kusitasita: kama kipimajoto kinaonyesha zaidi ya nyuzi 12 kwa muda mrefu, usitumie mfuko. Tumia chungu, tena penye mwanga, udongo utaulinda mzizi. Kama una mahali pa nyuzi 5 hadi 10 penye unyevu kidogo hewani na una mimea mingi kuliko nafasi, mfuko ni wako, mradi ukubali kwamba baadhi haitaamka. Mmea uupendao kuliko yote usiuweke humo.

Vipandikizi

Ningelazimishwa kubaki na njia moja tu, ningebaki na hii. Mmea wa mwaka wa pili au wa tatu huwa na miguu mirefu ya mbao na maua kwenye ncha tu. Kipandikizi hukupa mmea mpya, mfupi, uliojaa, wenye sifa zile zile za mama. Vyungu kumi vidogo hukaa kwenye kizingiti kinachochukua mama wawili.

Wakati ni mwisho wa majira ya joto, mmea ukiwa bado na nguvu na siku bado ndefu. Anayesubiri mpaka tishio la jalidi hukata kwenye mmea uliokwisha kuchoka, na mizizi huchukua muda mrefu kutoka.

Chagua tawi lisilo na ua, zima, si jembamba mno. Kata kipande cha sentimita 7 hadi 10 kwa kisu kikali, chini kidogo ya kifundo, maana hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Ondoa majani ya chini, bakiza mawili au matatu juu. Kisha tazama vizuri pale kikonyo kinapoungana na shina: kuna vijani vidogo viwili vyenye ncha, kama magamba. Vibandue navyo. Vikifukiwa udongoni ni vya kwanza kuoza, na uozo wao hupanda shinani. Kama kuna tumba la ua limejificha kwenye ncha, litoe.

Sasa iache mikato ikauke, saa chache au usiku mmoja, mpaka pale palipokatwa pafanye utando. Hili huwashangaza waliozoea kukimbiza vipandikizi vya mimea mingine majini. Udongo uwe mwepesi: mboji laini nusu, mchanga wa chenga kubwa au perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa udongoni) nusu. Homoni ya mizizi si lazima. Vitie pembeni mwa chungu, karibu na ukuta wake, ambako hewa hupita na udongo hukauka upesi kuliko katikati. Mwagilia mara moja, kisha subiri.

Na usivifunike na plastiki. Kosa hili ndilo linaloua vipandikizi vingi vya pelagoniamu, kwa sababu kwa mimea mingi mingine kufunika ni sahihi. Majani ya pelagoniamu yana vinyweleo, hunasa unyevu, na ndani ya mfuko ukungu wa kijivu hushika siku chache tu. Kipandikizi kitalegea siku za kwanza, kiache kilegee. Kina akiba yake shinani.

Kwenye nyuzi 18 hadi 20, mizizi hutoka baada ya wiki mbili hadi nne. Utajua kwa jani jipya katikati, dogo, la kijani kibichi kuliko mengine. Kama badala yake shina linageuka jeusi pale linapoingia udongoni na weusi unapanda, huo ni ugonjwa wa mguu mweusi, unaoletwa na vimelea vya Pythium vinavyopenda udongo uliolowa. Hauponi. Tupa kipandikizi pamoja na udongo wake, osha chungu.

Vikishashika, kila kimoja kipe chungu chake cha sentimita 8 au 9, kipeleke mahali penye mwanga na ubaridi zaidi, nyuzi 8 hadi 15, na kikifika sentimita 10 hivi bana ncha kwa kucha ili kitoe matawi. Udhaifu wa njia hii ni huo tu: inataka mwanga na inataka macho yako baridi nzima. Mtu anayesafiri mwezi mzima hataweza.

Kibanda cha kioo

Ukiwa nacho, umemaliza nusu ya kazi. Kipashe joto kiasi cha kisishuke chini ya nyuzi 5, kwa ndani kitandikwe plastiki ya mapovu, na siku yoyote isiyo na jalidi fungua dirisha hata nusu saa. Hewa iliyotuama yenye mvuke ni hatari kuliko ubaridi wenyewe.

Aina inabadilisha jibu

Zonali, zile zenye pete ya rangi iliyokolea kwenye jani na shina nene, hukubali njia zote nne. Ukisikia mtu anausifu mfuko wa karatasi, uliza alihifadhi aina gani. Karibu kila mara ni zonali.

Zinazotambaa na kuning'inia, Pelargonium peltatum, zina mashina membamba na akiba ndogo. Kwenye mfuko hunyauka mapema. Zipe chungu au vipandikizi. Ukizimwagilia mno kwenye ubaridi, majani hutoa vinundu kama vya gamba upande wa chini. Huo si ugonjwa wa kuambukiza, ni mmea kunywa zaidi ya unachoweza kuvukiza. Punguza maji tu.

Zile za kifalme, zenye maua makubwa yenye mabaka meusi, zina sharti la pekee: hazifanyi matumba bila wiki kadhaa za ubaridi wenye mwanga, nyuzi 13 kushuka chini hivi. Sebule yenye joto itakupa majani mazuri na maua machache au hakuna. Chumba baridi chenye dirisha ndicho chao, na giza si lao.

Za majani ya kunukia hutofautiana. Pelargonium graveolens na Pelargonium crispum hukaa vizuri kwenye chungu penye mwanga na maji machache. Pelargonium tomentosum, laini kama mahameli, huchukia kukauka, nami huivusha kwa vipandikizi tu.

Na ukiwa na spishi zenye kiazi ardhini kama Pelargonium triste, sahau yote niliyosema juu ya kulaza. Hizi hukua wakati wa baridi na hulala wakati wa joto. Wakati wa baridi zipe dirisha na maji, majira ya joto uzinyime maji.

Jambo moja halibadiliki kwa aina yoyote: mmea wenye kutu, vile vidonge vya kahawia vilivyojipanga kwa pete chini ya jani, usiuingize. Vivyo hivyo mmea unaonyauka tawi moja moja huku udongo una maji. Huenda una bakteria, na bakteria hao huingia kwenye kila kipandikizi utakachokata kwake. Mmea mmoja wa namna hiyo utakuachia chumba kitupu ifikapo majira ya kuchipua.

Ningechagua hivi

Una chumba baridi chenye mwanga: vipandikizi, pamoja na mama mmoja mmoja wa kila aina kwenye chungu. Una sebule yenye joto tu: vipandikizi vichache chini ya taa, mama waache. Una gereji au stoo isiyoganda lakini ya giza: chungu gizani, na mfuko kwa zonali za ziada. Una chumba cha chini chenye joto na giza: usihifadhi humo chochote. Mpe rafiki mwenye dirisha, umwombe vipandikizi baadaye. Mbegu pia zipo, lakini kutoka kupanda hadi ua ni wiki 16 hadi 20, na mmea wenye jina lake maalumu haurudi sawasawa kwa mbegu.

Mimea iliyolala huamshwa wiki nane hivi kabla ya jalidi ya mwisho inayotarajiwa. Kwaruza kwa ukucha kama nilivyoeleza, kata mpaka penye kijani, panda kwenye udongo mpya, mwagilia mara moja, weka kwenye mwanga wa wastani. Usimwagilie tena mpaka uone nukta za kijani kwenye vifundo. Inaweza kuchukua wiki mbili au nne, na shina halibadiliki sura hata kidogo katika muda huo. Mbolea inaanza majani yakishafunguka.

Kisha siku saba hadi 14 za kuzoeza nje: kwanza kivulini saa chache, kisha jua la asubuhi, kila jioni unarudisha ndani. Majani yaliyotokea nyuma ya kioo huungua juani yakitolewa ghafla, yakawa na mabaka meupe. Na jioni ambayo mbingu ni safi, hakuna upepo, nyota zinaonekana zote, ingiza mimea ndani tena hata kama kalenda inasema baridi imekwisha.